BIBI COOK WA MENGO

Katharine Timpson alikuwa mwanamke Mwingereza aliyejifunza kazi ya uuguzi katika nchi yake mpaka akaijua barabara. Angaliweza kukaa kwao, akafanya kazi katika hospitali kubwa yenye maji ya bomba na taa, akarudi kila juma kuwaamkia wazee wake. Lakini mwaka 1896 aliitikia mwito wa chama cha misioni kiitwacho C.M.S., ambacho watu wake wa kwanza walikuwa wamefika Buganda mwaka 1877. Chama hicho kilitaka wauguzi na waganga, naye akakubali kwenda. Zamani zile wanawake wa Ulaya waliokwisha kufika Buganda kwa kazi ya misioni walikuwa watano tu, nao walifika mwaka 1895.

Katika safari hiyo alikuwamo pia kijana mmoja, Albert Cook, aliyezaliwa London mwaka 1870. Huyu alisoma Cambridge, kisha akajifunza uganga katika hospitali ya St Bartholomew's. Wazee wetu walimwita daktari kwa jina la mganga, nami katika habari hii nitafuata desturi yao mara nyingine. Basi msidhani nasema habari za mtu wa hirizi na tunguri.

Walishuka pwani Mombasa karibu na mwisho wa mwaka 1896. Reli ya kwenda Ziwa la Viktoria ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujengwa mwaka ule ule, nayo haikufika Kisumu hata Desemba 1901. Kwa hiyo iliwapasa kwenda kwa miguu. Tazameni ramani yenu. Safari ile ni mbali kuliko kutoka Tunduma mpaka Dar es Salaam, na njia haikuwa njia ila kijia chembamba cha miguu, kinapita nyika ya Taru isiyo na maji, kisha Ukamba, kisha kinashuka katika Bonde la Ufa na kupanda tena milima ya Mau penye baridi kali, ndipo kinateremka mpaka nchi za Ziwa na Busoga. Mbele walitangulia wapagazi, kila mtu na mzigo wa karibu kilo 30 kichwani: dawa, visu vya kupasulia, hema, mablanketi, sabuni. Waandishi wengi wa vitabu huwasahau wapagazi hao. Lakini kila chupa ya dawa iliyofika Mengo ilifika juu ya kichwa cha mtu mweusi, na majina yao hayakuandikwa.

Wakafika Mengo mwezi wa Februari mwaka 1897. Mengo ni kilima kimoja katika vilima vya Kampala, na ndipo penye mji mkuu wa Kabaka wa Buganda. Mara moja wagonjwa wakaanza kuja, nao wakatibiwa katika nyumba ndogo ya dawa. Mwezi wa Mei mwaka ule ule hospitali ya kwanza ikafunguliwa: nyumba ya matete na udongo, imeezekwa nyasi. Daktari Cook akawa mganga wake, na Bibi Timpson akawa msimamizi wa uuguzi.

Pengine mtu atafikiri kwamba katika hospitali kazi ni ya mganga, na mwuguzi ni mtu wa kushika taa tu. Si kweli hata kidogo. Mganga hupasua kwa muda wa saa moja, kisha mgonjwa hulala siku ishirini, na katika siku hizo ishirini ndipo atakapopona au atakapokufa. Ni nani atakayemwosha, atakayemgeuza, atakayemlisha kwa kijiko, atakayeona usiku kwamba pumzi yake imebadilika? Katika nyumba ile ya matete Bibi Timpson alikuwa na sakafu ya udongo, viroboto, moshi, na jamaa za wagonjwa waliotaka kulala chini ya kila kitanda. Akajifunza Kiganda. Akawafundisha vijana wa Kiganda, wanaume na wanawake, namna ya kufunga vidonda na kuchemsha vyombo.

Mwaka huo wa kwanza haukuwa wa amani. Julai 1897 Kabaka Mwanga aliikimbia ikulu yake akaenda kupigana na Waingereza. Wakubwa wa Buganda, pamoja na Katikiro Apolo Kagwa, wakamweka mwanawe Daudi Chwa katika kiti cha enzi mwezi wa Agosti. Daudi Chwa alikuwa amezaliwa Agosti 1896, yaani Kabaka wa nchi nzima alikuwa mtoto wa mwaka mmoja tu. Kabla mwaka haujaisha askari Wanubi wa Serikali nao wakaasi katika Busoga, na Daktari Cook akaenda na jeshi kuwatibu waliojeruhiwa. Huko ndiko alikokufa George Pilkington, aliyefasiri Biblia kwa Kiganda, mwezi wa Desemba. Hospitali ya matete ikajaa watu wa risasi na mikuki.

Mwaka 1899 akaja Jack Cook, ndugu yake Albert, naye ni mganga. Na mwaka 1900 Albert Cook na Katharine Timpson wakafunga ndoa. Tangu hapo ndipo alipoitwa Bibi Cook. Kufika wakati huo hospitali mpya iliyo kubwa zaidi ilikuwa imejengwa, kazi nzuri iliyostaajabiwa na watu wote. Ikadumu miaka miwili tu. Mwezi wa Novemba 1902 radi ikaipiga, paa likashika moto, na hospitali ikateketea. Sisi tukaao karibu na Ziwa Rukwa tunazijua radi za Novemba, lakini nchi za kando ya Ziwa la Viktoria zimezidi. Ni katika nchi zenye radi nyingi kabisa duniani. Wakaanza tena. Hospitali iliyojengwa upya kwa matofali ikafunguliwa mwaka 1904.

Siku zile pigo jingine lilikuwa limeingia. Mwaka 1901 waganga hao wawili ndugu waliona katika wagonjwa wao watu wenye malale, ugonjwa uletwao na mbung'o, nao ndio waliotambua kwanza kwamba ugonjwa huo umefika Uganda. Katika miaka ishirini iliyofuata malale yaliua watu zaidi ya laki mbili kandokando ya Ziwa na visiwani. Vijiji vizima vikabaki mahame.

Basi watu walikuwa wakipungua, na wakubwa wa Buganda wakaona hatari. Walakini malale hayakuwa sababu peke yake. Bibi Cook, aliyekaa na wanawake wodini na kuwatembelea nyumbani, aliona jambo ambalo halikupigiwa ngoma wala halikuandikwa katika barua za Serikali. Wanawake walichukua mimba, nao hawakupata watoto. Wengine walizaa watoto waliokwisha kufa. Wengine walizaa mtoto mzima, akalia, akanyonya, na siku ya saba au ya nane akakaza taya, akakataa ziwa, mwili ukawa mgumu kama ubao, akafa. Wengine walizaa kabla ya miezi kutimia, na kile kitoto kidogo kikafunikwa kwa gome la mti wala hakuna aliyetazamia kwamba kitaishi. Mama aliulizwa idadi ya watoto wake, naye aliwahesabu walio hai tu, kwa maana waliokufa kabla ya kupewa jina hawakuhesabiwa.

Hapa yafaa niseme neno, maana wanafunzi husoma habari kama hizi wakadhani kwamba wazee wetu hawakujua kitu. Mwaka 1879, kabla ya Bibi Cook kufika kwa miaka karibu ishirini, mganga Mwingereza jina lake Robert Felkin alikuwa Bunyoro, akaona kwa macho yake waganga wa Kinyoro wakimpasua mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Walimpa pombe ya ndizi asisikie maumivu. Mpasuaji akanawa mikono kwa pombe hiyo, akalinawisha na tumbo la mgonjwa. Damu wakaizuia kwa chuma cha moto, na jeraha wakalibana kwa pini za chuma na kulifunika kwa dawa ya mizizi. Felkin alipoondoka, mama alikuwa amepona, na mtoto alikuwa hai. Huko Ulaya wakati ule, wengi waliopasuliwa hivyo walikufa. Basi ujuzi ulikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kuufikisha kwa kila mama katika kila kijiji, na maarifa ya vijidudu, ambayo hata Ulaya yalikuwa bado mageni.

Sasa tutazame kwa nini mtoto mchanga hufa, kwa kuwa bila kulijua hilo hamtaelewa kazi ya Bibi Cook.

Chukueni kikombe cha uji na chungu cha uji, vyote vya moto, mviweke nje asubuhi. Kikombe hupoa kwanza. Hivyo ndivyo alivyo mtoto mchanga: mwili wake ni mdogo, ngozi yake ni kubwa kwa kadiri ya mwili, nao umelowa maji ya uzazi. Asipokaushwa upesi joto lake hutoroka. Mtoto aliyepoa hawezi kunyonya. Asiponyonya hana nguvu ya kujipasha moto. Basi hupoa zaidi. Wala msidhani baridi ni jambo la milimani tu. Hata hapa bondeni Ivuna, penye joto la kuchoka, mtoto aliyelowa huweza kupoa akafa alfajiri.

Tena kuna pumzi. Tumboni mtoto hapumui. Hewa yake huipata katika damu ya mama kwa njia ya kitovu. Akizaliwa mapafu yake yamejaa maji, naye hana budi kuyafungua kwa pumzi ya kwanza. Wengi hulia wenyewe. Wachache hukaa kimya, wamelegea, na mtu asiyejua huwadhani wamekufa. Kumbe moyo ungali ukipiga. Mtoto wa namna hiyo anapokaushwa kwa nguvu na kusuguliwa mgongo huweza kuamka, na asipoamka hupuliziwa hewa. Lakini lazima jambo hilo lifanyike katika dakika ile ya kwanza.

Na ule ugonjwa wa siku ya saba ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na mavi ya wanyama. Kitovu kikikatwa kwa kitu kichafu, au kikipakwa majivu au samadi, vijidudu huingia mwilini kwa mlango ule ule uliompa mtoto uhai. Leo mama huchanjwa, na chanjo yake humlinda mtoto pia. Siku zile chanjo hiyo haikuwapo. Kinga ilikuwa moja tu: maji yaliyochemka, uzi uliochemka, wembe uliochemka, mikono iliyooshwa.

Bibi Cook alitambua kwamba hospitali moja juu ya kilima kimoja haiwezi kuwaokoa watoto hao. Uchungu wa kuzaa haungojei safari ya siku tatu. Yampasa mkunga awe karibu. Na mkunga huyo hawezi kuwa Mzungu, kwa kuwa Wazungu walikuwa wachache mno; tena mama aliye katika uchungu hataki mgeni. Basi Bibi akakusudia kuwafundisha wasichana wa nchi yenyewe.

Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918 ikachelewesha mambo. Hospitali ya Mengo ilijaa askari na wapagazi wa vita waliougua kuhara na homa. Vita ilipokwisha, Bibi Cook na mumewe wakaanzisha chuo cha wakunga, nacho kikapewa jina la Lady Coryndon, mkewe Sir Robert Coryndon, aliyekuwa Gavana wa Uganda toka 1918 mpaka 1922.

Shida ya kwanza ilikuwa kuwapata wanafunzi. Katika nchi nyingi za Afrika, wala si Buganda peke yake, ilikuwa desturi kwamba msichana asiyezaa haingii penye uzazi. Kazi ile ni ya bibi wazee. Sasa Bibi Cook aliwataka wasichana wasioolewa, waliojua kusoma na kuandika, watoke katika shule za misioni. Wazazi wakasita. Wengine waliona aibu, wengine waliogopa kwamba binti akishajua mambo hayo hatapata mume. Wala hofu yao haikuwa upumbavu. Mtu ana haki ya kuuliza binti yake anapelekwa wapi. Polepole wachache wakakubali, na wale wachache walipoonekana wamevaa nguo nyeupe, wanapata mshahara wao wenyewe, na hata wakubwa wanawaita kwa wake zao, wengine wakafuata.

Masomo yalikuwa kwa Kiganda. Hili nalihesabu kuwa jambo kubwa kuliko majengo. Daktari Cook alikuwa amekwisha kutunga kitabu cha maneno ya uganga kwa Kiganda mwaka 1903, na baadaye yeye na mkewe waliandika kitabu kizima cha ukunga kwa lugha hiyo. Msichana wa Buganda alisoma habari za mji wa mimba, za mshipa wa damu, za homa ya uzazi, kwa maneno ya mama yake. Wako watu hata leo wasemao kwamba lugha zetu hazina maneno ya elimu. Na waende wakakitazame kitabu hicho.

Bibi Cook alikuwa mkali. Vyombo visivyochemka alivimwaga. Mwanafunzi aliyevunja amri za chuo alirudishwa kwao, wala machozi hayakumsaidia. Wasichana walimwogopa, lakini baada ya kuhitimu walipelekwa mbali vijijini, penye nyumba ndogo ya kuzalishia yenye vitanda vichache, na huko usiku wa manane, mvua inanyesha, mama anatoka damu, hapakuwa na mganga wa kuitwa. Mikono ilipaswa kujua yenyewe la kufanya. Ukali wa chuoni ulikuwa kwa ajili ya usiku huo.

Nyumba hizo za uzazi zikaenea. Bibi alikwenda kuzikagua moja moja, kwa njia mbovu, naye umri wake ulikuwa unasogea. Alitazama daftari: wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa, na kwa nini. Alitazama chini ya kitanda. Alitaka pia akina mama waje kabla ya kuzaa, wapimwe, na baada ya kuzaa wawalete watoto wapimwe uzito. Mama mwenye mtoto mzima kwenda hospitali! Watu walicheka. Hospitali si mahali pa wagonjwa? Leo kila mama wa Ivuna ana kadi ya kliniki ya mtoto wake, wala hakuna anayecheka.

Lakini si vema kumsifu mtu kupita kweli. Wamisionari wale, pamoja na akina Cook, waliamini kwamba watoto wengi wa Buganda walikufa kwa sababu ya kaswende, na kwamba kaswende ililetwa na kuharibika kwa tabia za watu. Wakahubiri hivyo kwa sauti kubwa, na wanawake wengi wakatiwa aibu. Baadaye wataalamu walichunguza tena, wakaona kwamba wengi waliodhaniwa wana kaswende walikuwa na buba, ugonjwa unaofanana nayo uwapatao watoto wakicheza, wala hauna hatia ndani yake. Tena walidharau mno bibi wazee waliozalisha zamani. Baadhi ya desturi za wazee hao ziliua, kama kupaka kitovu majivu. Nyingine ziliponya, kama kumweka mtoto kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, asipoe.

Na juu ya hiyo ya mwisho nitaeleza kidogo, kwa kuwa ina ajabu yake. Huko Paris, mganga Stéphane Tarnier alikwenda bustani ya wanyama mwaka 1878 akaona kitotoleo, yaani sanduku la joto la kutotolea mayai ya kuku. Akawaza kwamba kitu kinachoweza kulea kifaranga kitaweza kulea mtoto. Akaomba atengenezewe sanduku kama hilo, kubwa zaidi, likapashwa joto kwa maji ya moto, na toka mwaka 1880 akawaweka ndani yake watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, tuwaitao njiti. Hapo kwanza, katika watoto 100 wenye uzito chini ya kilo 2, walikufa 66. Baada ya sanduku wakafa 38. Habari hiyo ilienea Ulaya na Marekani kote, na masanduku yakawa mazuri na ya thamani kubwa, yakataka umeme, mafundi na vipuli. Nchi maskini zikabaki zinayatamani. Kisha mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchi ya Kolombia, mganga Edgar Rey Sanabria aliona masanduku ni machache na watoto ni wengi, wawili watatu wamelazwa katika sanduku moja wanaambukizana. Akawaambia akina mama wawafunge watoto vifuani mwao, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, kama mnyama kangaruu wa Australia abebavyo mwanawe mfukoni. Watoto wakaishi. Mwaka 2021 wataalamu walitoa habari za uchunguzi uliofanywa katika nchi 5, na Tanzania ni mmojawapo, katika Hospitali ya Muhimbili. Waliona kwamba njiti anayewekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, kabla hata hajapata nguvu, ana nafuu kuliko anayetengwa kwanza: katika kila vifo 4, kimoja kilizuiwa. Basi kifua cha mama kilishindana na sanduku la Paris, na hakikushindwa.

Hata habari ya pumzi imetoka katika kazi ya namna ile ile ya Bibi Cook, ya kuwafundisha wakunga walio karibu. Toka mwaka 2009 katika hospitali 8 za Tanzania wakunga walifundishwa namna ya kumsaidia mtoto asiyelia, kwa mfuko mdogo wa mpira na kifuniko cha uso, ndani ya dakika moja. Hawakupewa mashine kubwa. Vifo vya watoto katika siku ya kwanza vikapungua karibu nusu. Na kwa njiti ambaye mapafu yake hayajakomaa, siku hizi hospitali nyingi hutumia bomba jembamba liingizalo hewa puani, na ncha yake ya pili imezamishwa katika chupa ya maji. Maji yakibubujika huyazuia mapafu yasifunge. Ni kitu rahisi, lakini kinataka mwuguzi wa kukaa hapo usiku kucha akiyatazama mapovu. Ni kama nilivyosema mwanzo juu ya siku ishirini za mgonjwa.

Turudi Mengo. Mwaka 1932 Mfalme wa Uingereza alimpa Albert Cook daraja ya heshima, akaitwa Sir Albert, na mkewe akaitwa Lady Cook. Kwa Waganda jina hilo halikubadili kitu. Sir Albert aliacha kazi ya misioni mwaka 1934. Wengi wa wenzao, miaka yao ya kazi ikiisha, walirudi Ulaya wakapate kufa penye baridi yao. Hawa wawili hawakurudi. Walikaa katika nyumba yao Kampala, na mabinti waliosomeshwa na Bibi, ambao sasa wenyewe walikuwa wanawake watu wazima, walikuja kumwamkia na kumletea habari za vituo vyao.

Bibi Cook alifariki mwaka 1938, akazikwa Namirembe, kilima cha kanisa kuu. Mwaka huo huo, tarehe 16 Desemba, jiwe lilianguka kutoka mbinguni karibu na Ivuna yetu, jiwe jeusi la gramu 700 na kidogo, ambalo wataalamu wa Ulaya na Marekani wangali wakilichunguza mpaka leo. Nalitaja ili mpate kuukumbuka mwaka. Uzito wake ni sawa na wa njiti mdogo kabisa, wa wale ambao zamani hakuna aliyewatazamia kuishi.

Sir Albert aliishi miaka 13 zaidi, mpaka 1951, naye akazikwa Namirembe. Hospitali ya Mengo ingali ipo juu ya kilima kile, na katika uwanja wake kingali chuo cha wauguzi na wakunga.